Nyumba isiyo na mlango

Leo naanza kwa kitendawili, kama walivyotufanyia bibi zetu jioni baada ya chakula. Kitendawili! Natumaini huko mliko mmeitikia: Tega. Nyumba yangu haina mlango.

Najua wengi wenu mmekwisha kujibu kwamba ni yai, na huenda mkanidhania nimeishiwa, hata nikawaletea kitendawili cha watoto wa darasa la kwanza. Jibu hilo ni sahihi. Lakini leo nawapa jibu la pili, ambalo bibi yangu hakulijua, na mimi mwenyewe nimelijua nikiwa tayari nina mvi kichwani.

Jibu hilo nilikutana nalo Uingereza mwezi Septemba mwaka 2018. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa akisomea mambo ya mimea huko, nami nikapata nafasi ya kumtembelea kwa majuma mawili. Jumapili moja alinichukua tukatembea kwa miguu nje ya mji wa Oxford, katika vinjia vinavyopita baina ya mashamba. Mashamba mengi ya huko yamezungushiwa ua wa miti hai, na ndani ya ua huo huota mwaridi mwitu. Msidhani nasema habari za mawaridi tunayoyaona hapa mjini, yaliyofungwa kwa utepe siku za harusi. Ua la mwaridi mwitu ni dogo, lina petali tano tu, na ifikapo Septemba maua yote yamekwisha kupukutika, yameacha vijitunda vyekundu. Wataalamu huuita mmea huo Rosa canina. Waingereza wenyewe huliita waridi la mbwa.

Basi, kwenye tawi moja niliona kitu ambacho hakikuwa ua wala tunda. Kilikuwa na ukubwa wa ngumi ya mtoto, kimejaa nywelenywele za kijani na nyekundu, mithili ya bonge la sufi lililochovywa rangi. Nikakishika, kikawa chepesi lakini kigumu kwa ndani. Nikasema moyoni: hiki nitakwenda nacho nyumbani, nikiweke juu ya meza ya sebuleni, kila mgeni aulize. Nikakikata kwa kisu changu kidogo, nikakitia mfukoni mwa koti.

Binti yule alikuwa ametangulia hatua chache, lakini aliniona. Akarudi, akasimama mbele yangu kwa adabu, akasema, "Mjomba, samahani. Naomba hicho ulichotia mfukoni."

Nikamwambia, "Mwanangu, ni takataka ya porini tu. Hapana mwenyewe."

Akajibu, "Mwenyewe yupo, Mjomba. Hiyo ni nyumba, na ndani yake mna watu."

Nakiri kwamba nilikasirika kidogo. Si jambo dogo kwa mtu mzima kupekuliwa mfuko na mtoto aliyembeba mgongoni. Lakini tulikaa juu ya gogo, naye akanieleza, na leo nataka niwaeleze nanyi, kwa sababu maelezo yale yalikuja kuokoa jambo kubwa katika ukoo wetu.

Ndugu wasikilizaji, kile kitu kilikuwa ni kivimbe. Waingereza wa zamani walikipa jina la Robin, yule pepo mtundu wa hadithi zao, wakasema ni mto wake wa kuchomekea pini. Wajerumani walikiita tufaa la usingizi, wakakilaza chini ya mto wa kitanda ili mtu apate kulala. Na katika maduka ya dawa ya Ulaya ya zamani kiliitwa bedegari, jina lenye asili ya Kiajemi, maana yake kilicholetwa na upepo. Mtaona kwamba kila taifa lilikipa sababu yake. Wengine walisema pepo, wengine usingizi, wengine upepo.

Kumbe anayekileta ni nyigu. Si nyigu huyu tunayemjua, anayetundika kiota chake chini ya paa na kumfukuza mwenye nyumba. Huyu ni mdogo, urefu wake hauzidi milimita 4 au 5, wala hamchomi mtu. Jina lake la kitaalamu ni Diplolepis rosae. Ifikapo mwezi wa Mei, miti ya Ulaya inapochipua, jike huyu hutua juu ya chipukizi la mwaridi, akachomeka mrija wake wa kutagia, akaweka mayai humo. Chipukizi moja laweza kuwekwa mayai 60. Kisha yeye kazi yake imekwisha, naye hufa baada ya muda mfupi.

Ajabu inaanza hapo. Mayai yakianguliwa, mmea hauoti tena kama ulivyokusudia. Lile chipukizi lililokuwa liwe majani hubadilishwa kazi. Seli zake hujipanga upya na kuzungushia kila buu chumba chake, na ukuta wa ndani wa chumba hicho huwa ni chakula laini chenye lishe, ambacho buu hukitafuna bila ya kutoka nje. Nje ya vyumba huota zile nywele nyekundu nilizozipenda. Mwaridi ndio unaojenga na ndio unaolisha, na yote hayo ni kwa amri ya kiumbe usichoweza kukiona vizuri bila kioo cha kukuzia. Kila chumba kimezibwa pande zote. Hapo ndipo nilipopata jibu langu la pili: nyumba isiyo na mlango.

Nikamwuliza binti, mtoto anayekula miezi yote hiyo ndani ya chumba kilichozibwa, uchafu wake anauweka wapi? Akacheka, akasema hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyomwuliza tangu nifike. Jibu ni kwamba buu hatoi uchafu. Utumbo wake umefungwa kwa nyuma mpaka atakapomaliza kukua. Watu wazima tunaopanga vyumba vya uani mijini tungeweza kujifunza usafi kwake.

Wakati wa baridi kivimbe hukauka, kikawa cha rangi ya kahawia, na nywele zake hukatika. Mabuu hulala humo humo mpaka baridi ipite, hujigeuza kuwa nyigu, na mwezi wa Mei hutafuna ukuta na kutoka. Na wanaotoka ni majike, karibu wote. Dume ni nadra sana, kwa sababu ndani ya miili ya nyigu hawa mnaishi bakteria aitwaye Wolbachia, ambaye huwafanya majike wazae majike wenzao bila kuhitaji dume. Shikeni jambo hilo la majike, tutalirudia.

Mpaka hapo nilidhani nimeelewa. Nikasema, basi huyu nyigu ni mwizi, na mwaridi ni maskini aliyeibiwa. Binti akatikisa kichwa. Akasema, "Mjomba, hujawajua wote waliomo."

Katika kivimbe hicho hicho, akasema, huingia nyigu mwingine aitwaye Periclistus brandtii. Huyu hana uwezo wa kuuamuru mwaridi uanzishe nyumba. Husubiri mwenzake ajengewe, kisha hutaga mayai yake katika kuta, na watoto wake wakapata vijumba vyao pembeni. Huyo ni mpangaji asiyelipa kodi. Halafu wako wawindaji. Yuko Orthopelma mediator, anayewahi mapema kivimbe kingali kichanga. Yuko Torymus bedeguaris, mwenye mkia mrefu kama sindano, ambaye hutoboa ukuta kutoka nje na kutaga pale alipo buu, na mtoto wake humla mwenye chumba. Yuko Eurytoma rosae, ambaye huwatafuta hasa wale wapangaji. Na wakati wa baridi kali huja ndege na panya, wakadonoa na kuguguna, wakala bila kuuliza nani mwenye nyumba na nani mpangaji.

Kwa hiyo mwaridi hauangamii. Kila mwaka vivimbe vipo, na kila mwaka mwaridi unatoa maua. Mjenzi haongezeki kupita kiasi, kwa sababu ameishi na maadui zake kwa muda mrefu, na kila anapojenga wao wanajua mahali pa kutoboa. Uzio wa shamba la Mwingereza, ambao mimi niliuona kuwa ni miba mitupu, ulikuwa na mahakama yake na polisi wake.

Binti alikichukua kile kivimbe nilichokuwa nimekwisha kukikata, akakitia katika chupa ya kioo, akafunika mdomo wake kwa kitambaa, akaiweka mahali pa baridi nyuma ya nyumba aliyopanga. Mei iliyofuata aliniandikia kwamba wametoka, na kwamba wengi wao hawakuwa watoto wa yule aliyejenga. Aliwapeleka wote kwenye ua ule ule, akawaachia.

Sasa, ndugu wasikilizaji, huenda mtu anauliza: sisi tunaonunua gazeti kituo cha basi, waridi la mbwa wa Uingereza linatuhusu nini? Nitawaambia.

Mwaka 2006 kaka yangu mkubwa, anayeishi kijijini kwetu mkoani Tanga, alipanda mikaratusi. Alikuwa amestaafu, akatia sehemu ya kiinua mgongo chake katika miche, kwa hesabu kwamba baada ya miaka michache atauza nguzo na kuezeka nyumba. Mwaka 2008 miti yake ikaanza kukunjamana. Mishipa ya majani ikavimba, vikonyo vikawa na manundunundu, vichipukizi vikapinda kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi, na miti michanga ikadumaa. Kaka akanunua dawa, akapulizia. Haikusaidia. Akanunua nyingine ya bei kubwa zaidi, akapulizia tena. Haikusaidia.

Mtu akikosa sababu, huitafuta. Kaka alikuwa na mgogoro mdogo wa mpaka na jirani yake, mzee mwenzake waliyecheza pamoja utotoni. Akakata shauri kwamba shamba limetiwa mkono wa mtu. Nilipomwuliza kwa nini anamdhania jirani, alinijibu kwa methali: kikulacho ki nguoni mwako. Tangu mwaka ule hawakuamkiana. Misiba ilitokea, hawakuzikana. Harusi zilifanyika, hawakualikana. Miaka 10, wasikilizaji, kwa ajili ya majani yaliyovimba.

Siku ile juu ya gogo nilimsimulia binti habari za shamba la mjomba wake mkubwa. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Kuna mtu aliyepasua huo uvimbe akatazama ndani?" Nikanyamaza. Katika miaka 10, mjini na kijijini, sote tulioisikia habari ile, wasomi na wasiosoma, hapana hata mmoja aliyepasua.

Akanieleza. Mikaratusi si miti ya asili ya kwetu, ilitoka Australia. Mwaka 2000 katika nchi ya Israeli ilionekana mikaratusi yenye vivimbe, na mwenye kuvifanya ni nyigu mdogo mno, mwenye urefu wa milimita 1 na kidogo. Hakuwa hata na jina. Wataalamu walimpa jina mwaka 2004, wakamwita Leptocybe invasa. Asili yake ni Australia kama miti yenyewe, lakini huko kwao hakuna aliyekuwa na habari naye, maana hakuwa akisumbua. Mwaka 2002 alikuwa amekwisha kuonekana Kenya na Uganda, na mwaka 2005 akaonekana Tanzania.

Kumbukeni lile jambo la majike. Nyigu huyu naye huzaa majike bila dume. Maana yake ni kwamba mmoja tu, akisafiri ndani ya kijitawi au mche, anatosha kuanzisha ukoo. Na anaposafiri, anasafiri peke yake. Wale wanaomtoboa, wanaomla, wanaompunguza, wamebaki Australia. Amefika ugenini kwenye chakula tele, na mahakama hakuna wala polisi hakuna.

Ndipo nilipofahamu pia kwa nini dawa za kaka hazikufaa kitu. Alikuwa akipulizia dawa ukuta wa nyumba isiyo na mlango. Waliokuwamo walikuwa wakila salama, nayo dawa ikiwaua wadudu wa nje waliokuwa hawana hatia.

Dawa iliyoleta matumaini ilikuwa ya namna nyingine. Wataalamu walirudi Australia, wakawatafuta wale maadui walioachwa nyuma. Walipatikana nyigu wengine wadogo wanaowashambulia mabuu wa Leptocybe ndani ya vyumba vyao. Israeli ilipelekewa wa aina mbili. Afrika Kusini ilianza kumwachia mwingine, aitwaye Selitrichodes neseri, mwaka 2012, baada ya kumchunguza kwanza katika vyumba vilivyofungwa ili kuhakikisha kwamba hatageukia viumbe vingine. Hiyo ni kazi ya wataalamu wenye vibali na si ya mtu na chupa yake. Lakini maana yake ni nyepesi: ukimkuta mkorofi ugenini, uliza kwao alikuwa akiishi na nani.

Msije mkadhani kwamba kukosea hivi ni ujinga wa mkulima wa Tanga. Katika karne ya 17 alikuwapo tabibu mashuhuri wa mji wa Florence, jina lake Francesco Redi. Mwaka 1668 ndiye aliyewaonyesha watu kwamba nyama haizai funza yenyewe. Alitia nyama katika vyombo, vingine akavifunika na vingine akaviacha wazi, na funza wakaonekana pale tu inzi walipoweza kutua. Hata hivyo tabibu huyo huyo, alipofika kwenye vivimbe vya miti, alisema kwamba mdudu aliyemo amezaliwa na nguvu ya mti wenyewe. Ilimpasa Mwitalia mwenzake, Marcello Malpighi, avipasue vivimbe, avitazame kwa hadubini, na mwaka 1679 achapishe kwamba chanzo ni yai lililotagwa na mdudu. Redi alikuwa hodari kuliko wengi wetu, na bado alikosea pale ambapo hakuona kwa macho yake. Tofauti ni kwamba yeye hakumnunia jirani.

Niliporudi nchini nilikwenda Tanga. Nilikuwa na wembe na kioo cha kukuzia nilichonunua dukani kwa bei ndogo. Kaka akanipeleka shambani bila ya hamu, kama mtu anayempeleka mgeni kuona kaburi. Nikakata kijitawi, nikapasua kinundu kimoja, nikampa kioo. Alitazama muda mrefu. Ndani mlikuwa na vijibuu vyeupe, kila kimoja katika kijumba chake. Akaniomba nipasue kingine. Halafu kingine.

Kisha akauliza swali moja tu: "Na shamba la yule, lina hivi?" Tukatembea mpaka mpakani. Jirani naye alikuwa na mikaratusi kama kumi nyuma ya nyumba yake. Majani yote yalikuwa na manundu.

Kaka hakusema neno. Kesho yake asubuhi niliamka nikaambiwa ametoka mapema. Alirudi saa nne, akaketi, akaomba chai. Sikumwuliza alikokwenda. Lakini jioni yule mzee jirani alipita barabarani, akapiga hodi, na kaka akamwitikia karibu. Nilikuwa sijaisikia karibu ile kwa miaka 10.

Ndugu wasikilizaji, nina mawili ya kuwaomba. La kwanza ni kwa ninyi mnaosafiri, na siku hizi ni wengi. Msitie mfukoni wala katika sanduku kijitawi, mche, kipando, tunda au ua la nchi ya watu kwa kuwa tu limependeza. Kuingiza mimea nchini kunataka kibali na cheti cha afya ya mimea, na hapa kwetu wanaohusika ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Afisa akikuzuia uwanja wa ndege, usimwone mkorofi kama nilivyomwona mpwa wangu. Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wa namna hii akija, mwenyeji haponi. Ile methali ya kaka ilikuwa ya kweli, ila nguo zilikuwa zangu: kikulacho kilikuwa katika mfuko wa koti langu, nami nilitaka kukifanya pambo la sebuleni.

La pili ni kwetu sote. Ukiona kitu kimevimba, uwe ni mti wako, kazi yako au undugu wako, usikimbilie kupulizia, wala usikimbilie kumtaja mtu. Chukua wembe, pasua, utazame waliomo. Huenda ukamkuta mjenzi, ukamkuta mpangaji, ukamkuta na yule aliyekuja kukusaidia, ambaye ungemwua kwa dawa yako mwenyewe.

Kaka ameng'oa sehemu ya mikaratusi ile na kupanda miti mingine. Nyumba bado haijaezekwa yote. Mzee jirani ndiye aliyemsaidia kupima mistari ya kupandia, naye alipima kuanzia mpakani.

Nawatakia Jumapili njema. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.